Usibonyeze enta kabla hujasema itatoka nini: kujifunza kuprogramu na hili neno "nadharia"

#1 Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni mrefu mnivumilie, kuna jambo nimekaa nalo muda na jana limenichokoza tena. Kuna dogo mtaani kwetu namfundisha Python, lugha ya kuandikia programu, jana alikuwa anabishana na baba yake mdogo, mzee akamwambia achana na hayo, hiyo ni nadharia tu, sisi tunataka vitu vilivyothibitishwa. Dogo akanigeukia, kaka kwani nadharia ni nini hasa? Nikamjibu haraka haraka na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi.

Kuprogramu sijasomea chuo. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa programu ya kikoba cha akina mama, wanachama 30, hisa za kila wiki, mikopo, faini za kuchelewa. Siku ya kugawana inakaribia, hisa za mama mmoja zinasoma pungufu kuliko daftari la katibu. Usiku mzima nabadilisha badilisha mistari, hapa naongeza, pale natoa mabano, naiendesha, bado, naiendesha tena, bado. Saa nane usiku programu imeharibika kuliko mwanzo na sikumbuki tena nilipoanza ilikuwaje.

Asubuhi nikampigia mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi redio, kompyuta hajui kabisa. Akaniuliza we unadhani kosa liko wapi, nikasema nahisi kwenye faini, inakata kwenye hisa. Akasema haya, kama ni faini, wengine waliopigwa faini nao zao zikoje? Nikanyamaza. Nikaenda kuangalia, waliopigwa faini walikuwa sita na watano kati yao hesabu iko sawa na daftari mpaka shilingi ya mwisho. Basi siyo faini. Dhana niliyoilea usiku kucha ikafa kwa dakika tano. Ya pili nikaiandika kabisa kwenye karatasi: jina la huyu mama limeingizwa kwa namna mbili, kwa hiyo programu inaona watu wawili, na kama ni kweli nikihesabu wanachama ndani ya programu lazima niwakute 31. Nikahesabu, 31. Kuna wiki jina lake liliandikwa na nafasi tupu mwishoni, kwa macho huioni ila kompyuta inaiona, na hisa zake zikagawanyika kwa watu wawili.

Tangu siku ile kila ninayemfundisha namwambia hivi, hubonyezi enta kabla hujasema kwa mdomo itatoka nini. Ukipatia vizuri, ukikosea vizuri zaidi maana sasa unajua kichwani mwako kuna kitu hakijakaa sawa. Anayebonyeza tu aone kinachotokea anaweza kukaa mwaka mzima na lugha na asiijue.

Na naona nadharia ya kisayansi ndo hiyo hiyo, ila imekomaa. Ni maelezo ya kwa nini mambo yako yalivyo, yanakuambia mapema utaona nini, na yanakuambia pia ukiona nini ujue yameanguka. Hiyo sehemu ya mwisho ndo Karl Popper, mwanafalsafa wa Austria, aliikomalia kwenye kitabu chake cha 1934: dai ambalo haliwezi kukutwa na kosa kwa namna yoyote ile siyo la kisayansi, hata kama ni la kweli. Karibuni tujadili.

#2

Asante sana kaka kwa uzi. Mimi nimemaliza form four, sina laptopu nina simu tu, nataka kujifunza ila watu wananichanganya, mmoja ananiambia anza na Python, mwingine JavaScript, mwingine anasema bila C hujui kitu. Nianze na ipi?

#3

Mkuu umeeleza vizuri lakini kuna sehemu unapotosha. Tulivyofundishwa sisi ni ngazi. Unaanza na dhana, ikifaulu majaribio inakuwa nadharia, nadharia ikithibitishwa kabisa inapanda inakuwa sheria. Ndo maana kuna sheria za Newton, na ndo maana ile ya Darwin, ya viumbe kubadilika kizazi kwa kizazi, mpaka leo ni nadharia tu, haijathibitishwa. Kwa hiyo huyo mzee wako yuko sahihi.

#4 Mleta mada

#2 mdogo wangu anza na Python, na simu inatosha kabisa, kuna programu inaitwa Pydroid 3 unaiweka kwenye Android na unaandika humo humo. Nakushauri Python kwa sababu moja, inakuonyesha matokeo mstari kwa mstari, kwa hiyo kubashiri na kuhakiki ni sekunde mbili. Siyo kwamba nyingine ni mbaya. JavaScript ukitaka mambo ya kurasa za intaneti utaihitaji, C itakufundisha kumbukumbu ya kompyuta inavyotumika. Ila usihamehame. Kaa na moja miezi sita, ya pili utaishika kwa wiki chache maana lupu (kurudia kazi ile ile) ni lupu kokote uendako. Leo jioni fanya hivi: andika 0.1 + 0.2, kabla ya enta niambie itatoka nini, halafu ubonyeze.

#3 mkuu, nashukuru umelileta hilo maana hata mimi nilifundishwa hiyo ngazi na niliiamini miaka mingi. Tatizo ni kwamba haipo. Sheria na nadharia ni kazi mbili tofauti, moja haipandi cheo kuwa nyingine. Sheria ya Boyle inakuambia ukiibana gesi nusu ya nafasi, kwa joto lile lile, kani-eneo (presha) inakuwa maradufu. Basi, haikuambii kwa nini. Anayekuambia kwa nini ni nadharia ya chembe zinazokimbia na kugonga kuta. Sheria inasema nini kinatokea na nadharia inasema kwa nini, na hiyo nadharia ya chembe haitakuja kuitwa sheria hata ipite miaka elfu, na siyo kwa sababu ina mashaka.

Na umemtaja Newton, sasa sikiliza kisa chake maana mtu wa kuprogramu anakielewa mara moja. Sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton zinaposema. Hapo una njia mbili, useme hesabu imekosea au useme kuna kitu hatujakiona. Mfaransa Le Verrier akasema kuna sayari nyingine huko nje inaivuta, akapiga hesabu ilipo akaandika barua Berlin, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mtaalamu wa nyota wa huko, Galle, akageuza darubini akaikuta, chini ya nyuzi moja kutoka pale alipoambiwa. Ndiyo Neptune. Yaani msimbo (maandishi ya programu) wa Newton haukuguswa, data ndo ilikuwa pungufu.

Halafu sayari ya Zebaki nayo ikawa na shida, njia yake inasogea kidogo kuliko Newton anavyoruhusu, ni sekunde 43 za nyuzi (sekunde hapa ni kipande kidogo cha nyuzi, siyo muda) kwa karne nzima, kitu kidogo mno. Mwaka 1859 mtu yule yule Le Verrier akatumia dawa ile ile, akasema kuna sayari karibu na jua, mpaka jina ikapewa, Vulcan. Watu wakaitafuta miaka na miaka. Haipo. Mwaka 1915 Einstein akapiga hesabu kwa nadharia yake mpya ya mvutano na zile sekunde 43 zikatoka zenyewe bila kuongeza sayari. Safari hii kosa lilikuwa ndani ya msimbo. Na hakuishia kueleza kilichokwisha julikana, akasema mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda kiasi hiki, mara mbili ya kile ambacho hesabu za Newton zingetoa, nendeni mkapime. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, Mwingereza Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, wenzake wako Sobral kule Brazili, na vipimo vikaegemea kwa Einstein.

Kwa hiyo iliyoanguka ndiyo tunayoiita sheria na iliyosimama tunaiita nadharia. Ile ngazi ingekuwa ya kweli hili lisingewezekana.

#5

Naomba nichangie kama mwalimu wa Kiswahili. Naona sisi wenyewe ndio tumeliharibu hili neno darasani. Mnakumbuka form five na six, "nadharia za chimbuko la Kiswahili"? Nadharia ya kwanza Kiswahili ni Kiarabu, ya pili ni lugha chotara au pijini, ya tatu ni Kibantu. Mwanafunzi anakariri tatu kwa pamoja, anapewa hoja za kila upande, anajaza kurasa. Anatoka pale anajua nadharia maana yake ni maoni ya watu fulani, wewe chagua unayoipenda. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo na najuta.

Maana ukiziweka kwenye kipimo cha mleta mada hizi tatu hazilingani hata kidogo. Ile ya Kiarabu inasimama kwenye msamiati, sita, saba, tisa, kitabu, dunia. Sawa, ni maneno ya Kiarabu kweli. Ila iulize ingetegemea kuona nini kwenye ngeli? Ingetegemea tusiwe nazo. Tunazo zote, m-wa, ki-vi, m-mi, na vitenzi vinajengwa kama vya ndugu zetu wa bara. Hapo imekutwa na kosa, hakuna cha kuchagua.

Ile ya Kibantu inaenda mbele zaidi. Chukua Kigiriama, lugha ya pwani ya Kenya. Sisi tunasema tatu wao wanasema hahu. Sisi moto wao moho. Ukishaona hizo mbili unaweza kubashiri, na darasani huwa nawaambia wabashiri: sisi tuna mti, Wagiriama watasemaje? Wanafunzi wanajibu wenyewe, muhi. Na ndivyo ilivyo, muhi. Neno hawajawahi kulisikia na wamelipatia. Wataalamu kama Nurse na Hinnebusch walifanya kazi hiyo kwa mamia ya maneno ndipo wakaiweka Kiswahili kundi moja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija, kundi la Sabaki. Hiyo sasa ndiyo nadharia kwa maana ya sayansi. Zile nyingine mbili ni madai yaliyopimwa yakashindwa, na kuziita zote nadharia kunampa mtoto picha ya uongo.

Ndio maana napenda lile neno la kwenye vitabu vya utafiti, nadharia tete, kwa kitu ambacho bado kinasubiri kupimwa. Tete kama tunavyosema suala tete. Tungelizoea hili tusingechanganya.

#6

Mwalimu hapo umenigusa sana, sijawahi kuiona hivyo.

Niongezee upande wa kompyuta kwa sababu kuna watu watasoma huu uzi waondoke wanadhani programu ikifaulu majaribio imethibitishwa. Hapana. Mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, Dijkstra, alilisema hili zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kwamba kuijaribu programu kunaweza kuonyesha mabagi (makosa ya programu) yapo, hakuwezi kamwe kuonyesha hayapo. Ni Popper huyo huyo. Majaribio elfu yakipita hujathibitisha, umeshindwa tu kuiangusha mara elfu. Inakupa imani, na imani hiyo ina thamani kubwa, ila siyo uthibitisho.

Mfano ambao huwa nawapa vijana ni ule wa kutafuta kwa kugawa katikati. Una orodha imepangwa, unaangalia katikati, unatupa nusu, unaendelea. Kila mtu anafundishwa. Ili kupata katikati unajumlisha mwanzo na mwisho unagawa kwa mbili, nani atabisha? Ndivyo ilivyoandikwa ndani ya maktaba (msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya Java yenyewe, na watu wakaitumia karibu miaka tisa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika, akatangaza hadharani kwamba ina bagi. Namba kamili ya kawaida kwenye Java mwisho wake ni 2,147,483,647, sasa orodha ikiwa na zaidi ya vitu bilioni moja, mwanzo ukijumlisha na mwisho jumla inapita hapo inageuka hasi na programu inaanguka. Cha kujifunza zaidi ni kwamba njia yenyewe ilikuwa na uthibitisho wa kihisabati. Uthibitisho ulikuwa sahihi kwa namba za hisabati ambazo hazina mwisho, kompyuta namba zake zina mwisho. Hisabati haikukosea, ila dunia uliyoipeleka siyo ile iliyoandikiwa.

Ndo maana naomba watu wasichanganye. Hisabati inathibitisha ndani ya masharti yake, sayansi inapimwa dhidi ya dunia. Anayesema nadharia ya kisayansi haijathibitishwa kama hesabu anadai kitu ambacho sayansi haijawahi kutoa kwa chochote, hata kwa umeme unaowasha hiyo simu yake.

#7

Mimi natokea Lushoto na sitaki huu uzi upite bila kumtaja Erasto Mpemba, kijana wa hapa hapa. 1963 yuko form three Magamba sekondari, wanatengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari, wanagombea nafasi kwenye friza, yeye akaweka ya kwake ya moto bila kusubiri ipoe. Ikaganda kabla ya ya mwenzake aliyeipoza. Akauliza darasani akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye yuko Mkwawa Iringa akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar, Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza swali lile lile, wanafunzi wakamcheka. Osborne akaenda akalipima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Swali langu, hii nayo ni nadharia? Maana watu wanaiita nadharia ya Mpemba.

#4 Mleta mada

Dada, au kaka samahani sijui, umeuliza swali zuri kuliko yote humu. Siyo nadharia. Ni alichokiona. Wanafizikia wanaiita athari ya Mpemba na nadhani ndiyo heshima yake kubwa zaidi, kuona kitu, kuambiwa hakiwezekani, na kuendelea kusema nimekiona. Nadharia ingekuwa maelezo ya kwa nini, na hapo ndo watu wamegawanyika. Kuna wanaosema maji ya moto yanapungua kwa mvuke, kuna wanaosema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine gesi zilizoyeyuka, wengine ni maji kupita sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja zaidi ya 22,000. Zote hizo kwa lugha ya mwalimu ni nadharia tete. Na 2016 wanasayansi Burridge na Linden wakapima upya kwa makini wakasema wao hawakuona ushahidi wa maana kwamba athari yenyewe ipo. Wengine hawakubaliani nao. Kwa hiyo hata kile kilichoonwa kinapimwa upya, na hilo halimpunguzii Mpemba kitu, swali lake bado linafanyiwa kazi miaka sitini baadaye.

#3

Mkuu nimesoma zote. La sheria na nadharia nimekubali, kwa kweli nilifundishwa vibaya. Lakini la Darwin bado. Yeye ametabiri nini? Mambo ya mamilioni ya miaka huwezi kuyarudia maabara.

#4 Mleta mada

Swali halali kabisa mkuu na nashukuru umeliuliza kistaarabu. Utabiri siyo lazima uwe wa kesho, unaweza kuwa wa kitu kilichokwisha tokea ila hatujakiona. Kama wanyama wa miguu minne walitokana na samaki, lazima kwenye miamba ya umri wa katikati kuwe na kiumbe cha katikati. Neil Shubin na wenzake wakatafuta kwenye ramani miamba ya miaka kama milioni 375 wakaikuta kaskazini kabisa ya Kanada, wakaenda msimu baada ya msimu, na 2004 wakamtoa Tiktaalik, samaki mwenye magamba, mwenye shingo na mapezi yenye mifupa kama ya kifundo cha mkono. Wangemkuta sungura kwenye miamba ile tungekuwa tunaongea mengine leo.

Na njoo kwetu. Kuna wakati wataalamu wengi walidhani ubongo ulianza kukua ndipo tukasimama kwa miguu miwili. Fuvu la Piltdown la Uingereza lililotangazwa 1912 likawaunga mkono, 1953 likagundulika ni la kughushi. Kisha 1978 timu ya Mary Leakey ikafukua nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.6. Wanatembea wima kabisa, na mafuvu ya viumbe wa wakati huo yanaonyesha ubongo mdogo. Ile dhana ya ubongo kwanza ikafa. Shina, yaani nadharia ya Darwin yenyewe, halikufa, kama kwenye programu yangu faini ilivyokufa na kikoba kikabaki. Imani yako juu ya Muumba siigusi mkuu, hilo ni swali lingine na halipimwi kwa rula hii.

#3

Hapo umenipa cha kufikiria. Nitasoma zaidi kuhusu huyo samaki.

#2

Kaka nimerudi. Nimeweka Pydroid. Nilibashiri 0.3, imetoka 0.30000000000000004. Nikabashiri basi kila chenye nukta kitakosea, nikaandika 0.5 + 0.25, imetoka 0.75 sawa kabisa. Nimechanganyikiwa.

#4 Mleta mada

Hujachanganyikiwa, umeua dhana mbili kwa siku moja. Kompyuta inahesabu kwa mbili mbili. Nusu, robo, thumuni, hizo inaziandika sawasawa kwa sababu ni kugawa kwa mbili tena na tena. Sehemu ya kumi haiwezi kuimaliza, kama wewe usivyoweza kuimaliza theluthi kwa 0.333. Sasa nipe bashiri zako mwenyewe.

#2

Nimebashiri 0.125 + 0.375 itakuwa sawa. Ni sawa, 0.5. Nimebashiri 0.1 + 0.1 itakosea. Haijakosea, imetoka 0.2. Sasa kaka nadharia yako si imeanguka?

#4 Mleta mada

Swali zuri sana, na nisikujibu kwa kupindisha. Mimi sikusema jibu litaonekana limekosea kila mara, nilisema sehemu ya kumi haiandikwi kamili ndani. Inawezekana kosa lipo ila limefichwa wakati wa kuonyesha. Lakini hayo ni maneno tu mpaka tuyapime. Andika print(format(0.1, '.20f')) halafu weka 0.125 badala ya 0.1. Nikiwa sahihi ya kwanza itakuwa na uchafu huko mwishoni na ya pili itakuwa sifuri tupu. Nikikosea nitarudi hapa kufuta.

#2

0.10000000000000000555
0.12500000000000000000

Kabla sijabonyeza niliandika kwenye daftari "uchafu, sifuri". Sasa najaribu 0.2 na 0.75. Nimeandika "uchafu, sifuri" tena. Nabonyeza.